Kopo la Mafuta ya Mgando

Munisagara,
9 Septemba 2024

Mpwa wangu Siwema,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani hata kama hujaiandika. Sisi huku ni wazima, isipokuwa tumbo la shangazi yako Mwanne, na yeye anasema tumbo hilo ni mimi.

Usishangae kupata barua. Mnara wa simu wa huku umekufa tangu wezi wabebe betri zake, na hata ungekuwa hai, simu yangu iko tumboni mwa mamba wa Mto Mkondoa. Nilikuwa navuka, akanikamata mguu, nikampiga ngumi ya pua. Akaachia mguu akachukua simu. Niliisikia ikiita tumboni mwake siku mbili mpaka chaji ikaisha. Kwa hiyo barua hii nampa Emanueli, kondakta wa basi la Kilosa kwenda Mikumi. Ni mtu mwaminifu, anaogopa mikono yangu.

Habari kubwa ni kwamba Alhamisi iliyopita ng'ombe arobaini wa Kisioki waliingia shambani kwangu kula mabua ya mtama. Kisioki ni yule mfugaji mwenye boma upande wa pili wa reli. Niliwatoa peke yangu. Fimbo mkono mmoja, mkono wa pili nimeshika suruali maana mkanda ulikatika. Dume lao kubwa nililikamata pembe nikaligeuza kama usukani wa lori. Tangu siku hiyo hakuna kwato iliyokanyaga shamba la Mudi. Muulize yeyote kijiweni.

Sasa sikiliza. Kwenye mfuko huu kuna kopo la mafuta ya mgando. Ndani si mafuta, ni unga. Usiuonje. Radi ilipiga mkuyu ule wa karibu na daraja, nikachimba mzizini nikatoa jiwe la moto, nikalisaga kwa kinu. Nataka uuweke kwenye ile mashine yenu ya mwanga usioonekana, uniambie ni kitu gani. Mzee Yohana alibisha kijiweni kwamba mashine ile ni ya watu wote wa maabara, wanapokezana. Nikamwambia wanapokezana wakishamwomba Siwema.

Tena uniambie, kwa elimu tu: kitu kama hicho kikidondoka kidogo mahali, punje mbili tatu, mnyama akapita akalamba, kinaweza kumdhuru? Nauliza kwa elimu tu. Mimi niliishia darasa la tano kwa sababu mwalimu aliishiwa cha kunifundisha, lakini hili sikufundishwa.

Jibu upesi.

Mjomba wako,
Mudi bin Salehe, Chuma cha Reli


Mikumi,
13 Septemba 2024

Shikamoo mjomba,

Kopo nimelipata. Emanueli alilishika kwa ncha za vidole, akasema ulimwambia lina radi ndani.

Mjomba, umenitia matatani na sikujua namna ya kukukatalia. Mashine yenyewe ni moja, tunaitumia watu wa vitengo vitatu: wa udongo, wa malisho, na sisi wa maji. Ukutani kuna karatasi ya sheria aliyoiandika mkuu wetu, Bi Editha, kwa mkono wake. Usilete kitu usichokijua. Andika jina lako na cha kupima kwenye daftari kabla hujagusa chochote. Vaa glavu na barakoa. Ukimaliza, futa kwa spiriti mpaka anayekufuata asijue kama ulipita. Mimi nimevunja ya kwanza na ya pili kwa ajili yako. Nilingoja wenzangu waende chakula cha mchana.

Inavyofanya kazi ni hivi. Kuna kijiwe cha almasi, kidogo kuliko punje ya ulezi. Unaweka unga juu yake, unateremsha mkono wa chuma wenye ncha unaoukandamiza. Mwanga unapita chini, ule unga unameza sehemu ya mwanga, na kwenye kompyuta unachorwa mstari wenye mabonde. Kila kitu kina mabonde yake, kama kila mtu alivyo na unyayo wake.

Mabonde ya unga wako si ya jiwe, wala si ya radi. Yanafanana na ya sumu ya kuulia wadudu, tena ya aina kali ambayo sisi hapa haturuhusiwi kuifungua nje ya kabati maalumu. Ulikuwa umeshikana na mafuta ya kopo, kwa hiyo mstari umechanganyika, lakini sina shaka kubwa.

Swali lako la elimu: ndiyo, kidogo tu kinatosha kumdhuru mnyama. Na mtu pia. Kwa hiyo na mimi nakuuliza. Umeutoa wapi? Ulikuwa mwingi kiasi gani? Uliobaki uko wapi? Usiuweke karibu na chakula wala kisima. Nawa mikono kwa sabuni, na kinu ulichosagia, kama kweli ulisaga, shangazi asikitumie tena.

Sijaandika kitu kwenye daftari. Bi Editha akijua, sijui itakuwaje.

Mpwa wako,
Siwema


Munisagara,
16 Septemba 2024

Mpwa wangu,

Barua yako nimeisoma kijiweni kwa sauti, isipokuwa pale penye matatani. Watu walinyamaza kama msikitini. Nimewaambia kwamba Mudi alikuwa na sumu ya serikali ndani ya kopo, na mpwa wake akaipima kwa almasi. Mzee Yohana aliomba maji ya kunywa. Hiyo almasi, ikitokea imechakaa, huwa mnaipeleka wapi?

Uliobaki usiuulize. Nimeutupa mtoni. Mamba wawili wameelea, mmoja naamini ndiye yule wa simu.

Sasa kuna jambo, na nakuandikia si kwa woga, ni kwa kukujulisha. Juzi Jumamosi ng'ombe watatu wa Kisioki wamekufa. Mchana, kwa mkupuo, povu mdomoni, miguu ikipiga hewa. Samsoni, mchungaji wao, alikuwa amewaacha kwenda kuchaji simu, hakuona walikopita. Aliporudi aliwakuta karibu na hori lao la chumvi, wawili chini na wa tatu anayumba.

Kisioki amepita nyumba hadi nyumba na fimbo yake, pole pole, akiuliza swali moja. Kwangu alikaa kwenye kigoda. Akasema, "Mzee Mudi, ng'ombe wangu waliingia kwako Jumamosi?"

Nikamwambia, "Waingie kwangu? Tangu niligeuze dume lako pembe, wanapita mbali wakiinamisha vichwa."

Akasema, "Hawakuingia kabisa."

Nikasema, "Kwato moja haikuingia. Nilikuwa nimesimama shambani tangu alfajiri."

Akasimama. Akaondoka bila kumaliza maji aliyopewa. Sasa wanasema, kama hawakula popote, basi ni ile chumvi. Na kama ni ile chumvi, kuna mtu.

Ile mashine yenu inaweza kujua mtu? Namaanisha, inasoma unyayo wa unga tu, au inasoma na wa mkono ulioushika?

Mimi siogopi.

Mjomba wako,
Mudi bin Salehe, Chuma cha Reli


Mikumi,
19 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Naandika nikiwa stoo, nimekalia ndoo, kwa sababu mezani kwangu siwezi kukaa.

Mwenzangu wa meza ya pili hapa maabara anaitwa Soila. Nimekula naye mwaka mzima sahani moja. Leo nimejua kwamba Kisioki ni baba yake mdogo. Amekuja na chumvi ya kwenye hori ndani ya mfuko, ameiandika kwenye daftari kama inavyotakiwa, akaigawa mara mbili, nusu akaifungia kwenye friji kuwa akiba. Akapima mstari mtupu kwanza, yaani bila kitu juu ya almasi, kuhakikisha mashine ni safi. Ulitoka safi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake, nikijifanya natafuta kalamu. Akaweka chumvi, akateremsha mkono wa chuma.

Mjomba, chumvi ya namna ile haitakiwi kuwa na mabonde yale. Nililitambua bonde la kwanza kabla mstari haujamaliza kuchorwa. Ni unga wako.

Soila hakupiga kelele. Alisema tu, "Kumbe ni kweli." Kisha akafuta ncha ya ule mkono kwa kidole kitupu, kama mtu anayefuta vumbi, na mimi nikashindwa hata kumwambia asiguse.

Sasa kuna mambo mawili tu, hakuna la tatu. Ama mimi siku ile niliacha unga wako mahali kwenye mashine, ukaingia kwenye chumvi ya Soila. Ama unga wako ulikuwa kwenye chumvi tangu horini. Almasi niliifuta, nakumbuka harufu ya spiriti. Na mstari mtupu ulikuwa safi. Kila nikihesabu, inarudi kwako.

Bi Editha amesema ripoti ataisaini Jumatatu, nakala moja iende wilayani na moja kwa Kisioki. Soila anasema vijana wa boma hawatasubiri ya wilayani. Na wewe umesoma barua yangu kijiweni.

Nakuomba, mjomba, kwa jina la mama yangu ambaye ni dada yako. Uliweka au hukuweka? Nijibu kwa mstari mmoja. Usiniwekee mamba humo.

Siwema


Munisagara,
21 Septemba 2024

Siwema,

Mtu aliyewahi kusukuma behewa la treni kwa bega haulizwi swali kama hilo na mtoto aliyembeba mgongoni.

Ufute huo mstari. Mashine unaijua wewe, unakaa nayo kutwa, huwezi kuniambia haina pa kufutia. Au umwagie maji. Au useme iliharibika. Mwaka ule wa mafuriko nilizima injini ya treni kwa kopo moja la maji, sembuse hiyo.

Hapa ni salama kabisa. Jana vijana sita wamesimama pembeni ya shamba langu tangu asubuhi hadi adhuhuri, hawakusema neno, hawakuingia. Walikuwa wanaangalia nyumba. Kijiweni nimekwenda, wote wakakumbuka kazi walizoziacha nyumbani. Mzee Yohana peke yake alibaki, akaniambia, "Mudi, ile sumu ya serikali ulisema ni kopo zima?" Nikamwambia nilitia chumvi. Akaniangalia. Nikamwambia namaanisha maneno, nilitia chumvi kwenye maneno. Akaondoka na yeye.

Naenda Malolo kwa shughuli zangu. Usinitafute.

Mudi bin Salehe


Munisagara,
22 Septemba 2024

Mwanangu Siwema,

Ni mimi shangazi yako Mwanne. Mwandiko utanisamehe.

Mjomba wako ameniambia nikuandikie kwamba amekwenda Malolo. Hakwenda. Yuko uvunguni mwa kitanda, leo siku ya pili. Chakula nampelekea huko. Nikimwambia toka anasema anatafuta kobazi.

Nimechoka kusema uongo mlangoni. Wakija vijana nasema hayupo, na miguu yake inaonekana. Mwenyekiti wa kijiji ameitisha mkutano Jumatano saa nne, pale stesheni, wafugaji na wakulima wote. Wanasema karatasi ya maabara itasomwa. Jirani zetu wawili wamekwisha peleka wake zao na watoto Chanzuru, wanasema nyumba hii ikichomwa, moto hautachagua.

Mimi sijui kilichomo moyoni mwake. Ninachojua ni kwamba hajalala vizuri tangu mwanzo wa mwezi, hata kabla ng'ombe hawajafa. Yuko uvunguni vile vile kama siku ile ya Jumamosi walipoingia kwenye mtama. Nilitoka kisimani nikawakuta wako ndani ya shamba, watatu wamejitenga na kundi, wanakula yale machipukizi yaliyoota baada ya ile mvua ya siku moja. Wamekula mpaka wameshiba. Nikaita, "Mudi, ng'ombe." Akanijibu kutoka chini, "Wafukuze wewe, mimi naumwa mgongo." Mimi nikawaangalia, nikaogopa pembe, nikaingia ndani. Baadaye wakaondoka wenyewe kuelekea horini.

Hata ile mara ya kwanza hakuwafukuza. Walishiba wakaenda.

Na simu yake iliingia chooni.

Kama una dua, tuombee. Kama una jingine, lilete upesi.

Shangazi yako,
Mwanne


Mikumi,
23 Septemba 2024

Shikamoo mjomba, shikamoo shangazi,

Emanueli nimemwapisha aipeleke barua hii mpaka mlangoni, asiishie Kilosa. Pamoja nayo kuna bahasha ya maabara yenye muhuri. Hiyo msiifungue, apewe mwenyekiti.

Shangazi, barua yako nimeipata saa mbili asubuhi. Nimeisoma mara moja, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa Bi Editha kabla miguu haijabadili mawazo. Nilimweleza yote: kopo, chakula cha mchana, daftari. Hakunifokea. Alivua miwani akaifuta kwa muda, kisha akasema, "Twende kwenye mashine. Mwite na Soila."

Alipima mstari mtupu. Safi, kama ule wa Alhamisi. Nikaona Soila ananitazama kama mwongo. Halafu Bi Editha akafanya kitu ambacho sisi wote hatukukifanya. Aliuteremsha mkono wa chuma juu ya almasi bila kuweka kitu chochote, akapima tena. Mabonde yakatokea. Sumu haikuwa kwenye almasi. Ilikuwa kwenye ncha ya mkono, imeganda na mafuta ya mgando. Mstari mtupu hupimwa mkono ukiwa juu, ndiyo maana ulidanganya. Mimi nilifuta chini, juu sikufuta. Karatasi ya ukutani imeandika "futa kote", na mimi nilikuwa nasikiliza kama kuna mtu anakuja.

Soila aliangalia kidole chake. Ndicho alichofutia ncha ile, na siku hiyo hiyo tulikula wote ugali. Alikwenda kunawa na amekaa bombani muda mrefu sana. Daktari amempima, anasema hana dalili, lakini mimi tangu asubuhi namwangalia macho yake kila anapopita.

Tuliifuta ncha kwa spiriti mara nne, tukapima mkono ukiwa chini mpaka mstari ukanyooka. Ndipo Soila akatoa ile chumvi ya akiba kwenye friji. Yeye ndiye aliyepima, mimi nilikatazwa kugusa. Mara ya kwanza, safi. Akasema, "Tena." Safi. Akasema, "Tena." Safi. Chumvi ya horini haina unga wako.

Jina langu limeandikwa kwenye daftari na kosa langu pembeni yake, kila anayekuja kupima atalisoma. Mashine sitaigusa miezi sita. Soila amehamisha kiti.

Lakini mjomba, hapo ndipo mwisho wa nguvu za karatasi. Itasema chumvi haikuua. Vijana watauliza, sasa nini kiliua? Bi Editha nilimwambia aliyoyaandika shangazi, akasema hapo hapo: machipukizi ya mtama baada ya ukame na mvua kidogo yana sumu yake yenyewe, ng'ombe akiyala kwa wingi anaanguka ndani ya saa moja. Kisioki anajua hilo kuliko sisi. Ndiyo maana alikuuliza swali lile kabla ya yote. Alikuwa anataka umwambie ndiyo, alie, aende zake. Wewe ukamwambia kwato moja haikuingia.

Hakuna mashine ya kuwaambia walikula wapi. Aliyewaona ni wewe na shangazi, na yeye hawezi kusimama kwenye mkutano akakuita mwongo mbele ya watu.

Toka uvunguni, mjomba. Jumatano saa nne. Sema walivyoingia, na sema ulikuwa wapi. Usiposema ulikuwa wapi hawataamini walivyoingia.

Na kopo kubwa, maana najua lipo. Ulinitumia kidogo. Lifunge ndani ya mifuko mitatu ulipeleke kwa bwana kilimo Kilosa. Usilitupe mtoni.

Siwema


Munisagara,
26 Septemba 2024

Siwema,

Nimekwenda.

Stesheni ilijaa. Nilihesabu fimbo nikaacha. Wakulima upande wa ghala wameshika mapanga kana kwamba wametoka shamba, na hakuna aliyetoka shamba. Mwenyekiti akasoma karatasi yenu, chumvi safi, chumvi safi, chumvi safi. Kijana mmoja akasema karatasi imeandikwa na mpwa wa Mudi. Soila alikuwa amekuja, sikumjua. Akasimama, akasema, "Nimepima mimi." Wakanyamaza, lakini hawakukaa.

Ndipo Kisioki akanigeukia. "Mzee Mudi. Nauliza mara ya pili."

Nakwambia kweli, mdomo wangu ulianza wenyewe. Nilisema, "Alfajiri ya Jumamosi, nimesimama katikati ya shamba na fimbo yangu." Nikamwona Mwanne ameinamisha kichwa. Maneno yakakwama. Nikasema, "Sikusimama. Waliingia. Walikula machipukizi tangu saa tano mpaka karibu saa sita."

Akasema, "Na wewe ulikuwa wapi?"

Nikasema, "Uvunguni."

Akasema, "Uvunguni mwa nini?"

Nikasema, "Mwa kitanda. Naogopa ng'ombe. Nawaogopa tangu mtoto. Na wewe nakuogopa."

Kwanza hakuna aliyecheka. Halafu yule kijana wa karatasi alitoa sauti ndogo ya puani, na mwingine, na Mzee Yohana akauliza kwa sauti, "Na yule dume wa usukani?" Nikasema hakuna dume. Stesheni nzima ilicheka, wakulima na wafugaji, watu wakishikana mabega ambao dakika moja nyuma walikuwa wanapimana shingo. Kisioki hakucheka. Alisema, "Mtama," kama mtu anayelitaja jina la aliyemwibia. Kisha akakaa chini kwenye reli, akafunika uso na shuka yake. Fimbo zikaanza kuondoka moja moja.

Sasa naitwa Uvunguni. Hata Emanueli, anayesubiri barua hii, amenikaribisha akisema karibu Mzee Uvunguni. Sijali. Kopo kubwa nimelipeleka Kilosa kama ulivyosema, mifuko mitatu, na jina langu nimeandika mwenyewe.

Lakini kuna jambo moja sikulisema stesheni, wala Mwanne hajui.

Hakukuwa na radi wala jiwe. Ule unga niliununua gulioni kwa mtu anayechota kwenye gunia lisilo na maandishi. Alisema weka kidogo, ng'ombe hawatarudi. Ijumaa ile, siku moja baada ya ng'ombe kuingia shambani kwangu mara ya kwanza, nilikwenda horini mchana, jua kali, watu wamejilaza. Kopo nimelibana kwapani. Nilifungua kifuniko. Naandika hivi ujue kwamba nilifungua. Ndipo nikasikia nyuma yangu, "Mzee Mudi, karibu, mbona umesimama juani?" Ni Naishorua, mke wa Kisioki. Akaniletea maziwa kwenye kibuyu. Niliyanywa nimesimama pale pale, kopo liko wazi chini ya kwapa, mkono mzima unatetemeka, naye ananiuliza hali ya Mwanne. Nikarudisha kibuyu nikaenda mbio.

Nyumbani nikatazama kopo. Niliona kama limepungua. Nikatazama tena nikaona halikupungua. Nikaona limepungua. Sikujua, Siwema. Mkono wangu mwenyewe, na sikujua ulifanya nini. Ndiyo maana nikakutumia ule unga na swali la elimu. Na walipokufa, nililala chini nikijua ni mimi. Ulipoandika niseme kwa mstari mmoja niliweka au sikuweka, sikuwa na huo mstari.

Jana baada ya mkutano Naishorua aliniita, akanipa maziwa tena, akacheka kidogo, akasema, "Kunywa, Mzee Uvunguni, leo hakuna ng'ombe karibu." Nilishika kibuyu. Nikakirudisha kikiwa kimejaa.

Anapita hapa kila asubuhi akienda kisimani, na ananisalimia. Hori lao naliona kutoka mlangoni. Jana wametia chumvi mpya juu ya ile ya zamani, na ndama wanalamba. Nimekaa nimewahesabu mpaka jua limezama. Wote wamesimama.

Uniandikie tena kwamba ilitoka safi mara zote tatu. Najua uliandika. Andika hilo tu, hata kama huna jingine la kuniambia.

Mudi